Shanga, Bangili na Feza: Wamama na Kazi ya Mapambo Katika Inchi Yetu

1. Neno la mwanzo

Ndugu msomaji, watu wakizungumza juu ya mila zetu, mara nyingi wanaanza na wafalme, ngoma na vinyago. Mapambo wanayaacha nyuma, wanasema hayo ni mambo ya wamama. Sisi tumeona vema mara hii kuyaweka mbele. Sababu yetu ni moja na tunaisema wazi: zamani, katika inchi hii, pambo halikuwa urembo tu. Lilikuwa feza, lilikuwa akiba, lilikuwa mahari na malipo ya deni. Wamama wanaoketi pamoja leo kutengeneza mikufu na herini ili wapate posho ya nyumba hawakuanzisha jambo geni. Wanashika tena kamba iliyokatwa.

Siku moja tuliketi karibu na meza ya wamama hao, pembeni ya barabara, mjini Bukavu. Mnunuzi mmoja alifika, akainua mkufu, akauliza bei, akacheka. “Hii ni karatasi tu, mama.” Akatoa nusu ya bei. Mama akakubali, kwa sababu jua lilikuwa linashuka na watoto walikuwa wanangoja. Tukarudi nyumbani na swali: ni nani alifundisha watu kwamba kazi ile haina hesabu? Jibu tulilitafuta katika historia, na ndilo tunaloandika hapa.

2. Makaburi ya Sanga

Tuanze mbali kidogo, Katanga, kwenye ziwa Kisale, katika bonde la Upemba. Mahali panapoitwa Sanga, wataalamu walichimba makaburi ya zamani sana mwaka 1957 na 1958, kiisha tena mwaka 1974. Walikuta watu wamezikwa pamoja na vyungu vizuri, na miilini mwao mikufu, bangili, vikuku na minyororo midogo ya shaba. Makaburi mengi ya pale ni ya kati ya karne ya 8 na ya 14, yaani mamia ya miaka kabla ya Mreno wa kwanza kufika kwenye mdomo wa mto Kongo.

Mambo mawili yanatupasa kuyafikiri. La kwanza, shaba haichimbwi pale ziwani. Ilitoka kwenye mawe ya upande wa kusini, mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Basi kila bangili iliyokutwa katika kaburi ni alama ya safari, ya samaki mkavu au kitu kingine kilichotolewa kwa kubadilishana, na ya mkono wa fundi. La pili, hata watoto wadogo walizikwa na mapambo mengi. Mtoto hajafanya kazi yoyote ya kumtajirisha. Kwa hiyo wataalamu wanaona kwamba pambo lilionyesha nyumba anayotoka na mali ya ukoo wake.

Katika makaburi ya nyuma kidogo, misalaba midogo ya shaba ndiyo inazidi. Ile misalaba ilikuwa feza. Utaona basi jinsi jambo lilivyokwenda: shaba ile ile iliyovaliwa shingoni na mkononi ndiyo iliyohesabiwa kama mali. Aliyevaa alikuwa amebeba akiba yake mwilini.

Wazee wa Katanga wanaiita shaba mukuba. Kuiyeyusha ilikuwa kazi ya wanaume, yenye miiko yake, wakati wa kiangazi. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika juu ya “wala shaba” hao mwaka 1926, wakati kazi yao ilikuwa imekwisha karibu yote, kwa sababu mashine za Union Minière zilikuwa zimeshika milima ile tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20.

3. Butega na musanga

Sasa tupande kaskazini mpaka ziwa Kivu. Huko hapakuwa na shaba nyingi, lakini palikuwa na butega. Butega ni vikuku vyembamba vilivyosukwa kwa nyuzi za mimea ya msituni, vya kuvaliwa miguuni. Vilitoka kwa Batembo, katika milima ya magharibi ya ziwa. Bahavu na watu wa kisiwa cha Idjwi wakavivusha kwa mtumbwi mpaka Rwanda. Kule wanawake walivivaa vingi kwa pamoja, mpaka mguu unajaa. Katika karne ya 19, butega vilikuwa feza ya ziwa zima: kwa butega unapata chakula, unapata mbuzi, na ukivikusanya sana unaingia hata katika biashara ya ng'ombe.

Fikiri vizuri jambo hilo. Uzi wa msituni hauna bei. Yeyote anaweza kuukata. Kilichoufanya kuwa feza ni vidole vilivyousuka na saa zilizoingia ndani yake. Watu wa ziwa Kivu walikubali, pasipo kuandika sheria, kwamba kazi ya mkono ni mali. Leo mtu akisema “hii ni karatasi tu”, anasema neno ambalo babu yake hangelisema juu ya butega.

Kwa Balega nako tunakuta musanga. Walichukua gamba la konokono, wakalikata vipande vidogo vya duara, wakavitoboa, wakavisugua mpaka vinalingana, wakavitunga katika kamba. Musanga ulilipa mahari, ulilipa deni, na uliingia katika malipo ya Bwami, lile shirika kubwa la heshima na mafundisho. Katika Bwami, cheo kinaonekana kwa mapambo: kofia, mkanda, shanga, simbi, meno ya wanyama. Na kumbuka kwamba mwanaume wa Bwami hakuweza kupanda daraja za juu peke yake. Ilipaswa mke wake naye aingizwe. Wanawake walikuwa na daraja zao, na ile ya juu inaitwa bunyamwa. Mwaka 1948 serikali ya ukoloni ilikataza Bwami. Ilipokataza shirika, ilipunguza pia nguvu ya mapambo yake. Kitu kilichokuwa cheo kikaanza kuuzwa kwa wageni kama kumbukumbu ya safari.

Na Baluba wanatupa mfano wa tatu. Watu wa chama cha Mbudye walikuwa na lukasa, ubao mdogo unaoingia mkononi, uliopambwa kwa shanga na simbi. Mjuzi anapitisha kidole juu ya shanga na kusimulia: huyu mfalme, hii njia, hapa walivuka maji. Rangi ya ushanga, ukubwa wake na mahali pake vina maana. Kwa hiyo shanga zilifanya kazi tatu: kupamba, kulipa, na kukumbuka.

4. Shanga za ng'ambo na jicho la mwanamke

Katika karne ya 19, misafara ya biashara kutoka Zanzibar na pwani ilifika Ujiji, ikavuka Tanganyika, ikaingia Manyema mpaka Kasongo na Nyangwe. Kiswahili chetu kilifuata njia hiyo hiyo. Mizigo yao ilikuwa vitambaa, nyaya za shaba na shanga za kioo. Nyingi zilifanywa Venezia, Italia.

Mwingereza Richard Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858, alijaza kurasa nyingi kwa majina ya shanga. Palikuwa na samesame, nyekundu kama matumbawe. Anasema wafanya biashara waliziita kwa majina ya utani: kimara-phamba, yaani kimaliza-chakula, kwa sababu mtu angetoa chakula chake apate hizo, na kifunga-mji, ambalo yeye analieleza kuwa zinavunja mji, kwa vile wanawake walizitamani kupita kiasi. Hesabu nayo ilijulikana kila soko: khete ni kamba ya shanga, na khete 10 ni fundo 1.

Wanaume walicheka kwa majina yale. Lakini tusome nyuma ya kicheko. Stanley, alipojitayarisha Zanzibar mwaka 1871, alihangaika sana kujua rangi zipi apakie, kwa sababu ushanga unaopendwa hapa unakataliwa pale. Ukibeba rangi iliyokataliwa, mizigo yako ni mawe tu, na wapagazi wako watalala na njaa. Na ni nani aliyekataa au kukubali? Kwa sehemu kubwa ni wanawake, wenye kuvaa shanga na wenye kuuza chakula. Jicho la mwanamke wa kijiji, asiyejua hata Venezia iko wapi, liliweka bei ya kazi ya Venezia.

Soko lenyewe lilikuwa lao. Livingstone alipokuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, mwaka 1871, alishangaa kuona wanawake wengi ajabu wakija sokoni na vyungu, samaki, kuku na unga, wakipatana bei kwa sauti na kicheko. Tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanya biashara walipiga bunduki katikati ya soko lile. Mamia ya watu walikufa, wengi wao wanawake, wengine walizama mtoni. Hatuwezi kuandika habari za shanga kama habari za uzuri mtupu. Njia iliyoleta shanga ilipeleka pembe za tembo na watumwa, na soko la wamama lililipa gharama yake.

5. Franka yaingia, pambo latoka katika hesabu

Mwaka 1887 Dola Huru ya Kongo ilianza kutoa feza yake. Ajabu ni kwamba zile senti ndogo zilikuwa za shaba na zilikuwa na tundu katikati, unaweza kuzitunga kwa kamba. Kumbe hata yule mgeni alifahamu kwamba watu wa hapa wanahesabu kwa vitu vya kutunga!

Lakini kilichobadilisha mambo ni kodi. Baada ya amri ya 1910, mwanaume mtu mzima alipaswa kulipa kodi ya kichwa kwa feza ya serikali. Hakuna aliyepokea butega wala musanga kwenye meza ya kodi. Basi wanaume wakaenda kutafuta franka katika machimbo, mashamba ya wazungu na barabara. Mapambo yakabaki nyumbani na wanawake, yakapoteza nguvu ya kulipa. Mpaka ukapita pia katikati ya ziwa Kivu, Wabelgiji upande huu na Wajerumani upande ule, na njia ya mtumbwi ikawa na askari. Ndipo pambo lilipoitwa “urembo tu”. Ni jina lililozaliwa na kodi.

Kiisha wakaja masista wa misheni na, katika miji na makambi ya wafanyakazi, yale mafoyer social. Mama zetu walifundishwa kushona, kufuma, kupika na kutunza mtoto. Hatuwadharau walimu wale. Wengi wetu tulivaa sweta zilizofumwa na mikono iliyosoma huko. Lakini lengo kubwa lilikuwa kumtengeneza mke wa nyumbani. Kushona alifundishwa, kuuza na kuhesabu faida si sana.

Baada ya uhuru sheria haikumfungulia njia upesi. Kodi ya familia iliyotolewa mwaka 1987 ilidai mke aliyeolewa apate ruhusa ya mume wake kwa matendo mengi ya sheria. Kukopa au kufungua biashara, palihitajika ruhusa ya bwana. Ndiyo maana wamama walishika zaidi kitu kisichohitaji karatasi: likelemba, ambayo wengine wanaiita kirimba. Kila mmoja anatoa kiasi sawa, na kila zamu mmoja anapokea chote. Ni hapo, katika likelemba, wamama walijifunza kazi ya kushika feza pamoja. Ruhusa ile ya mume iliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Lakini sheria ikiisha katika kitabu, bado inaweza kuishi nyumbani.

6. Wamama wanaoketi pamoja

Vita vya 1996 na vya 1998 mpaka 2003 viliharibu mashamba na kuleta wajane na wakimbizi wengi katika miji ya mashariki. Mwaka 2002 Nyiragongo ikamwaga moto juu ya Goma. Mama asiye na shamba na asiye na mtaji anafanya nini? Anatafuta kazi ambayo chombo chake ni vidole. Ndipo vikundi vya kusuka vikapu, kufuma na kutengeneza mapambo vikaongezeka.

Kazi inayojulikana zaidi ni shanga za karatasi, ambazo zilipata sifa kubwa Kampala katika miaka ya 2000 na huku kwetu pia zinafanywa. Unakata karatasi ya gazeti la rangi au kalenda ya zamani vipande virefu, pana upande mmoja na chembamba upande mwingine. Unaviringisha kwa kijiti kuanzia upande mpana, unapaka kole kidogo mwishoni. Ushanga unatoka mnene katikati na mwembamba pembeni. Unautumbukiza katika verni, unaanika, unarudia mara ya pili, halafu unatunga kwa uzi wa nailoni na kufunga kifungio. Ukiviringisha bila kukaza, verni inaingia ndani na ushanga unavimba. Ukianika siku ya mvua, zinashikamana. Wengine wanachanganya na mbegu, pembe ya ng'ombe au vipande vya kitenge, na Lubumbashi utakuta malakiti, lile jiwe la kijani la shaba. Kuhusu malakiti tunaonya: vumbi lake ni sumu. Anayelisugua atumie maji na afunike pua na mdomo.

Kwa nini kuketi pamoja, wakati kila mmoja anaweza kuviringisha karatasi kwake? Wengi wanajibu kwamba ni kwa ajili ya kuliwazana. Ni kweli, na mwenye kilio anajua thamani yake. Lakini kuna sababu nyingine, na iko katika hesabu.

7. Hesabu ya mkufu mmoja

Tuchukue mfano tuliojitungia wenyewe, ili msomaji aone njia. Bei zinabadilika kila juma, lakini njia ya kuhesabu haibadiliki.

Mkufu una shanga 60. Kila ushanga unachukua dakika 3 kuviringishwa: hizo ni saa 3. Verni na kutunga ni saa 1. Jumla saa 4. Verni, kole, uzi na kifungio ni franka 2.000. Bei ni franka 6.000.

Mama akienda sokoni peke yake na mkufu mmoja, kwenda na kurudi kwa gari analipa franka 2.000. Anabaki na 2.000 kwa saa 4, yaani 500 kwa saa. Mnunuzi akikata bei mpaka 3.000, mama amepoteza franka 1.000 na saa zake 4 juu yake. Amelipa ili atoe mkufu wake bure! Na huenda hajui, kwa sababu mkononi ameshika 3.000 na anafikiri ameuza.

Sasa wamama wapeleke mikufu 10 kwa safari moja. Wakiuza yote wanapata 60.000. Vifaa ni 20.000, gari 2.000. Kunabaki 38.000 kwa saa 40. Wakiweka 8.000 katika sanduku la kikundi, wanagawana 30.000 kwa saa walizofanya: 750 kwa saa. Aliyefanya saa 12 anapata 9.000, aliyefanya saa 4 anapata 3.000, na hakuna ugomvi, kwa sababu saa zimeandikwa katika kaye. Tena yule muuzaji mmoja anaweza kumjibu mnunuzi: “Bei si yangu, ni ya kikundi.” Neno hilo peke yake lina thamani. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kikundi kimoja tulichokifahamu kilifanya kazi nzuri miaka michache. Mradi mmoja ulikuwa unanunua mikufu yao yote kwa bei ya huruma, bila kuuliza saa wala vifaa. Wamama hawakuandika kitu, kwa sababu feza ilikuwa inakuja. Mradi ulipofunga ofisi, walikwenda sokoni na hawakujua bei ya kazi yao wenyewe. Wakaanza kushushiana bei, kila mmoja kwa siri, na katika miezi michache kikundi kilikwisha. Sisi tuliokuwa tunawasifu katika mikutano hatukuwaambia neno juu ya kaye. Hilo ni kosa letu pia, na ndilo lililotusukuma kuandika.

Sheria ya leo inatoa njia. Kongo iliingia katika OHADA mwaka 2012, na kwa sheria yake ya vyama vya ushirika, watu 5 wanatosha kuanzisha kile chepesi. Si lazima kila kikundi kikimbilie huko. Lakini wamama wenye oda kubwa wajue kwamba karatasi ya chama inaruhusu kudai deni mbele ya sheria, jambo ambalo urafiki peke yake hauwezi. Na hata bila karatasi, kaye na sanduku lenye funguo tatu kwa watu watatu ni ukuta mzuri. Mwanzoni mwa mwaka 2025, mabanki yalipofunga milango Goma na Bukavu, kila mtu alikumbuka kwamba kuaminiana pia ni benki.

8. Kumaliza

Msomaji mpenzi, ukirudi mpaka Sanga, utaona bangili ya shaba mkononi mwa mtoto. Watu waliomzika walijua imetoka wapi na imegharimu nini. Wanawake wa njia ya Ujiji na Manyema walijua ushanga upi unastahili unga wao. Watu wa ziwa Kivu waliheshimu uzi kwa sababu ya vidole vilivyousuka. Ujuzi huo wa kupima kazi ya mkono ndio tuliopoteza, zaidi ya mapambo yenyewe.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wanaosoma kitabu hiki wachukue saa moja tu kuwafundisha wamama wa mtaa wao hesabu ya mkufu mmoja. Tunawaomba mabwana wasiombe ile feza kabla ya kuuliza imechukua saa ngapi. Na wewe unayepita karibu na meza ile pembeni ya barabara, patana bei, ni desturi yetu na wamama wanaipenda. Lakini kabla ya kusema “ni karatasi tu”, hesabu kwanza shanga.